Mstari wa Buluu kwenye Ufizi

Paka wa kwanza wa Fidélie alikufa kwa njaa mbele ya sahani iliyojaa. Meno yake yalikuwa yameoza na fizi zimevimba kiasi kwamba hakuweza kutafuna hata samaki laini. Kwa hiyo alipompata Minette, paka mdogo mwenye kifua cheupe, alikwenda kwanza kwa rafiki yake Jocelyne, daktari wa mifugo wa mtaa wao wa Dilala, akaomba afundishwe.

Jocelyne alimwonyesha. Unazungusha kitambaa laini kwenye kidole, unakilowesha maji ya vuguvugu. Unainua mdomo wa paka taratibu, unasugua meno upande wa nje, kutoka kwenye ufizi kushuka hadi ncha. Dawa ya meno ya watu hapana. Paka hajui kutema, anameza, na inamdhuru.

Mwanzoni Fidélie alichovya kitambaa kwenye supu ya ndakala, vile visamaki vidogo vikavu, ili Minette akubali. Baadaye haikuhitajika tena. Kila baada ya chakula cha mchana paka alipanda mwenyewe mapajani, pale barazani, akafumba macho na kungoja.

Mumewe, Ngeleka, alizoea kuwacheka. Alikuwa karani wa bohari kwenye mgodi mpaka alipoachishwa kazi, na sasa alitengeneza batri katika kibanda cha nyuma ya nyumba. Umeme ulikuwa ukikatika ovyo, na wachimbaji wa machimbo ya Mutoshi walihitaji taa, hivyo wateja hawakukosekana. Alipasua batri zilizokufa, akatoa vipande vya risasi, ile metali laini ya kijivu, akaviyeyusha ndani ya sufuria juu ya makaa. Moshi ulizunguka uani kabla ya kupanda. Minette alipenda kulala kibandani kwenye magunia yenye joto. Alitoka huko kifua kimekuwa cha kijivu, akaketi mlangoni akajilamba mpaka weupe ukarudi.

Kuku wa jirani walitangulia kufa. Walianguka mmoja baada ya mwingine karibu na ukuta, shingo zimepinda. Jirani, Mama Kabemba, alisema kuna mtu mwenye jicho baya mtaani, akaacha kuwasalimia watu wawili watatu aliowashuku.

Kisha Minette akaanza kukataa chakula. Fidélie alipomfungua kinywa, alitegemea kuona wekundu, ule wa uchafu uliokaa kwenye meno. Aliona kitu kingine. Fizi zilikuwa zimepauka kama karatasi, na pembeni, pale zinapokutana na jino, ulipita mstari mwembamba wa buluu iliyokolea. Alisugua. Alibadilisha kitambaa, akasugua tena. Mstari haukutoka. Ulikuwa ndani ya nyama.

"Tata Tania, kuya uone," alimwita mumewe kwa jina la binti yao.

Ngeleka alichungulia akiwa amesimama. "Ni uzee."

"Uzee gani? Hii paka haiyazeeka."

"Basi ni mugonjwa. Paka inakufa, Mama Tania. Mi niko na kazi."

Siku iliyofuata Minette aliyumba akitembea, akagonga mguu wa meza kana kwamba hakuuona. Fidélie alimfunga kwenye kitenge, akapanda pikipiki ya taxi-moto mpaka kwa Jocelyne.

Jocelyne aliinua mdomo wa paka kwa kidole gumba. Fidélie akaona uso wa rafiki yake ukibadilika.

"Kwenu munachomaka nini?"

"Bwana iko natengeneza batri. Anayeyusha ile plomb, ile risasi ya ndani."

"Wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

Jocelyne alimwachia paka polepole. "Mutoto iko wapi?"

Fidélie alimwacha Minette palepale, akakimbilia nyumbani. Tania alikuwa na miaka sita. Kwa majuma kadhaa alikuwa akilalamika tumbo, na mwalimu wake alisema amesahau herufi alizokwisha kuzijua. Walidhani ni minyoo. Na Tania alichezea uani, kando ya kibanda, ambako udongo ulikuwa laini na mzuri kwa kupikia vyakula vya kuigiza.

Alimkuta hapohapo, amechuchumaa, vidole vimejaa vumbi.

"Fungua kinywa, mama."

Mtoto alicheka, akadhani ni zamu yake ya kuwa paka, akafungua. Fidélie aliinua mdomo wake taratibu, vilevile alivyofundishwa. Mstari ulikuwepo. Mwembamba zaidi, lakini ulikuwepo.

Ngeleka alitoka kibandani aliposikia mkewe akilia. Alipoelezwa kuwa ni sumu ya ile risasi, alikasirika.

"Jocelyne ni munganga wa mbwa! Angaria mi. Mi njo nashika ile kitu kila siku. Niko mugonjwa?"

Alikuwa anapiga kelele, mdomo wazi, na jua lilimpiga usoni. Fidélie aliona fizi zake. Hapakuwa na mstari pale; fizi nzima za chini zilikuwa zimegeuka rangi ya wino.

"Funga kinywa," alisema kwa sauti ndogo. "Tafazali, funga."

Mchana uleule alimpeleka Tania hospitali. Walimpima damu, wakamlaza, na daktari akakataza asirudi kwenye nyumba ile. Minette alikufa kwa Jocelyne kabla Tania hajatoka. Tania alipotoka, Fidélie alimpeleka moja kwa moja kwa Louise, dada yake mwenyewe, aliyekaa mbali na mtaa ule, karibu na Nzilo.

Fidélie alirudi Dilala mara moja tu, kuchukua nguo. Alimkuta Ngeleka ameketi uani. Sufuria ilikuwa juu ya makaa, inachemka. Aliposimama kumsalimu, mkono wake wa kulia haukuinuka. Kiganja kilining'inia kutoka kwenye kifundo cha mkono kama kitu cha mtu mwingine, na alikitazama kwa mshangao.

"Tokea lini?" Fidélie aliuliza.

"Asubui. Inakatala kuamuka." Alijaribu kucheka. "Itarudia muzuri."

Fidélie aliiepua sufuria, akamwaga makaa, akayazima kwa maji. Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akamwongoza mumewe mpaka barabarani, akasimamisha taxi-moto ya kuwapeleka hospitali. Ngeleka hakubisha. Walipoondoka, mvuke ulikuwa bado unapanda juu ya ukuta, ukielekea kwa Mama Kabemba.