Soksi Moja ya Loviisa

Mwamuzi aliuweka mkuki wa Vihtori kwenye mizani mara ya pili, akainama kuusoma mshale wa kipimo, kisha akatikisa kichwa. Ulipungua gramu sita. Mkuki usiofika gramu mia nane haurushwi, na wenzake walikuwa tayari wanajinyoosha uwanjani. Mwamuzi akamwonyesha mikuki ya kuazima iliyolazwa kwenye nyasi. Kama hataki hiyo, ana robo saa ya kurekebisha wake.

Vihtori hakutaka wa kuazima. Kwao Ufini alikuwa fundi wa mbao za kutelezea thelujini, na mkuki huu aliuchonga kutoka kwenye mti wa mbetula uliosimama mlangoni kwa jirani yake, mjane Loviisa. Mti ule aliupanda marehemu mumewe mwaka waliooana. Dhoruba ilipouangusha watu waliukodolea macho kwa ajili ya kuni, lakini bibi akamwita Vihtori achague kwanza kipande kilichonyooka.

"Heikki wangu hakuwahi kuvuka mpaka wa wilaya hii," alimwambia. "Ukifika huko kwenye mashindano ya Ulaya, mwanangu, mti wake uruke hata mara moja."

Na kwa jinsi alivyo, akamfungia na soksi nzito za sufu za kwenda nazo Italia, mwezi wa tisa, kukiwa bado na joto huko. Wenzake kwenye treni walimcheka hadi Berlin.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Majira ya machipuko aliupima kwenye mizani ya duka la kijijini, ukazidi gramu tatu. Kisha akautundika darini mwa sauna, chumba chake cha kuogea kwa mvuke, kiangazi kizima usije ukapinda, kama anavyofanya na mbao zake, na ukakauka kuliko alivyodhani.

Alipomweleza Evald Kirs, Mwestonia waliyepangwa naye kundi moja, yule bwana alicheka. Nchi zao zilikuwa jirani, na lugha zilikaribiana vya kutosha kwa utani.

"Nyie Wafini mnaogesha hata mikuki," alisema. "Umetoka jasho lote, maskini."

Vihtori hakuwa na hamu ya kucheka. Alikuwa amepiga magoti anapekua begi, asijue hasa anatafuta nini, mpaka mkono ukagusa sufu. Akatoa soksi moja, akaing'ata uzi ukingoni, akaanza kuifumua.

"Nishikie hapa, jirani."

Evald akashika. Wakafungua kamba ya kitani ya mshikio, wakazungusha uzi wa kijivu kwenye mti, kisha wakarudisha kamba juu yake na kuikaza. Vihtori alimsihi aende akajinyooshe, muda unakwisha.

"Wewe zungusha," Evald akasema.

Mshale wa mizani ukafika kwenye mstari, ukaupita kidogo. Mwamuzi akaitikia kwa kichwa.

Mrusho wa kwanza mkuki ulianguka kwa tumbo badala ya ncha, haukuhesabiwa. Wa pili vilevile. Mshikio ulikuwa mnene na kiganja hakikuuzoea. Wa tatu, ambao ndio ulikuwa wa mwisho kwake, Vihtori hakufikiria umbali. Alikimbia, akaachia, na mbetula wa Heikki ukapaa juu ya uwanja uliojaa wageni, ukainamisha pua na kuchoma nyasi. Ukasimama hapo unatetemeka.

Akawa wa saba. Evald akawa wa nne, akaikosa medali kwa upana wa kiganja. Vihtori alimshika mikono yote miwili, akaanza kuitaja ile robo saa aliyompa.

"Mkuki uliruka vizuri," Evald akamkatiza.

Nyumbani, Loviisa alimmiminia kahawa kabla hajaketi, akauliza kama soksi zilimfaa. Vihtori akaweka mezani ile moja iliyobaki, kisha akamlazia mkuki mapajani na kumsimulia yote, bila kuruka la Mwestonia.

Bibi aliupapasa mshikio muda mrefu. Mahali kamba ilipolegea, uzi wake wa kijivu ulichungulia, nao akauacha kama ulivyo.

"Huyo Evald," akauliza, akivuta kikapu chake cha sufu, "mguu wake unakaribia wako kwa ukubwa?"