Kitanda cha Perina

Kitanda kilikuwa na bonde. Nilijilaza saa nane mchana, joto likiwa limewafungia watu wote ndani, nikaona mwili wangu unateleza wenyewe mpaka kwenye shimo lililochimbwa na mtu mfupi kuliko mimi, mtu anayelalia ubavu wa kushoto, uso dirishani. Nikajua ni nani. Niseme ukweli tangu hapa: nilijua hata kabla sijalala.

Mwezi wa Mei nilikuwa nimemwandikia mpwa wangu Vicko kwamba nimechoka na bandari za watu, nataka wiki tatu za kupumzika nyumbani, kwenye rasi ya Pelješac, nioge baharini, nile dagaa wa kuchoma na ninywe mvinyo wa mteremko wetu. Nikaomba chumba cha juu, kile chenye dirisha linalotazama mizabibu. Nitalipa kama mgeni yeyote, nilisema, sitaki kuwa mzigo. Vicko akajibu kwamba chumba ni changu mpaka tarehe ishirini Septemba.

Sikuuliza nani anatolewa. Kwetu hakuna anayeuliza. Tangu wageni wa kiangazi waanze kuja, kila nyumba ya rasi hii hufanya vilevile: ikifika Juni wenye nyumba hubeba magodoro na kushuka kwenye ghala la mapipa ya mvinyo, na vitanda vyao vya juu hupewa wageni. Wageni wakiisha, nao hupanda tena. Wazee walikuwa wakisema sisi ni vyura, miezi minne tunaishi kwenye unyevu.

Nikashuka ghalani. Dada yangu Perina alikuwa kwenye kitanda cha kukunja kati ya mapipa mawili, mlango umeachwa wazi apate mwanga. Mke wa Vicko, Dolores, alikuwa amenieleza jikoni huku akipara samaki, bila kuniangalia: mapafu yamemwisha, daktari wa Dubrovnik kasema wasimtegemee kufika Krismasi.

"Mgeni amelala vizuri?" Perina aliniuliza.

"Mgeni gani? Mimi kaka yako."

"Kaka yangu aliondoka na meli ya saruji mimi nina miaka kumi na sita. Wewe umekuja na begi la magurudumu."

Nikacheka. Yeye akataka kucheka, akakohoa. Nilipomwambia nitambeba nimpandishe sasa hivi, alinikatalia kama mtu aliyetukanwa. Kitanda cha mgeni hakichukuliwi kabla siku zake hazijaisha. Ndivyo alivyoiendesha nyumba hii tangu alipoolewa mume akahamia kwetu, na hakuna jirani atakayesema kwamba Perina alimwondoa mgeni, hata kama mgeni mwenyewe ni mimi.

Kisha akanikumbusha habari ya baba. Mimi sikuwapo, kwa hiyo kukumbushwa si neno lake hasa. Mwaka ule baba alipokuwa akifa, ni Perina aliyemshusha hapahapa, kati ya mapipa hayahaya, kwa sababu juu kulikuwa na Mjerumani na mkewe. Baba aliomba wiki nzima apandishwe tu aone watu wakivuna. Perina akamwambia, subiri baba, Jumapili wanaondoka. Baba akafa Ijumaa. Wale Wajerumani walikuja mazishini na maua, wakarudi tena mwaka uliofuata. Barua mimi ilinifikia Montevideo, miezi mitatu imepita.

"Nilimpimia baba," alisema. "Na mimi sasa napimiwa."

Siku tatu nilioga baharini, nikala dagaa, nikanywa mvinyo. Ulikuwa mzuri. Usingizi ndio haukuwa mzuri, maana kila nikigeuka kitanda kilinirudisha kwenye lile bonde.

Jumamosi nilimkuta amechoka zaidi, na ukali umempungua. Akasema mavuno yanaanza Jumatatu. Akasema, bila kuniomba, kwamba angependa kuwaona wakishuka mteremko na vikapu, asubuhi moja tu, kutoka dirishani kwake. Mlango wa ghala unatazama ukuta wa jirani na mitungi yake ya gesi. Hicho ndicho alichokitaka duniani, na mimi ndiye niliyekilalia.

"Basi nitaondoka," nikamwambia. "Kabla ya Jumatatu kitanda ni chako. Mgeni akiondoka mwenyewe hukumwondoa wewe."

Aligeuza uso kutoka mlangoni akanitazama.

"Kwa kuondoka hujambo, Baldo," alisema. "Hapo sina la kukufundisha."

Nikaichukua kama asante. Nilipanda ngazi mwepesi kuliko umri wangu. Nikamwambia Vicko naondoka, siku zilizobaki nimezisamehe, chumba akirudishe kwa mama yake. Vicko akasema nifikiri vizuri. Nikasema nimefikiri. Akasema, "Sawa, mjomba," akachukua simu yake.

Jumatatu alfajiri nilishusha begi. Kwenye ngazi nikapishana na vijana wawili Wapolandi, mume na mke, bado wananukia mafuta ya kujikinga na jua, wamebeba mito yao wenyewe. Dolores alikuwa nyuma yao na shuka safi mkononi. Vicko alisimama uani anatazama viatu vyake.

"Nilikwambia chumba kirudi kwa mama yako."

"Ulikiacha wazi, mjomba. Kikiwa wazi, simu inakiuza kwa wageni wengine kabla shuka halijapoa. Na hawa wa Septemba ndio wanaotuvusha majira ya baridi. Ungekaa ungemlaza humo umtakaye. Chumba kilikuwa chako mpaka tarehe ishirini. Mimi mgeni simuulizi nani analala kitandani kwake."

Miaka hamsini na sita nimetatua kila jambo kwa kupanda chombo, na halikunijia hata mara moja kwamba ningeweza kulala na mapipa mimi, nikampa yeye bonde lake.

Niliingia ghalani kumuaga. Juu ya dari miguu ilikuwa ikienda na kurudi, dirisha likafunguliwa, mtu akacheka.

"Wapya hawa wanakanyaga kwa nguvu," Perina alisema. Kisha, "Basi lako saa ngapi?"

Nikamwambia saa moja na nusu. Akasema nisichelewe. Ningeweza kubaki hata hapo, nikaketi kwenye kigogo kando yake. Lakini miguu yangu ilikuwa imekwisha kukubaliana na barabara, na aibu ikaisukuma.

Basi la Dubrovnik hupanda taratibu juu ya mteremko wetu. Wavunaji walikuwa wameanza. Waliinama mstari kwa mstari, vikapu mgongoni, na Dolores keshafika, kitambaa cheupe kichwani. Niliwaona wote vizuri sana. Nilikuwa nimepata kiti cha dirishani.