Gunzi la Bwana Shamba

Efrazia alikuwa na ulimi, na kijiji kizima juu ya Mlalo kilijua. Siku wilaya ilipompa mumewe pikipiki, alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akapaza sauti mpaka walioko kisimani wakasikia: "Tumefunga ndoa ya kanisani, Baba Yudith, na bado umeniletea mke mwenza!" Watu walicheka wakashika mbavu. Tangu hapo ile pikipiki ndogo nyekundu haikuwa na jina jingine. Mumewe, Fanueli, akiipangusa, majirani walimuuliza kama Mke Mwenza kashaoga.

Moyoni Efrazia aliipenda sana. Fanueli alikuwa bwana shamba, na kabla ya pikipiki alizipanda na kuzishuka zile kona zote za milimani kwa miguu, goti la kulia limemvimba. Kila jioni mkewe ndiye aliyelikanda kwa maji ya moto. Tangu mashine ije, goti lilikuwa limetulia. Hilo hakumwambia mtu, maana utani ulikuwa umenoga na yeye hakuwa mtu wa kuharibu utani mzuri.

Mwaka ule wa sabini na tano vijiji vya ujamaa vilikuwa vikikaguliwa kila kukicha. Asubuhi moja mgeni wa wilaya akafika na Land Rover, kijana nadhifu mwenye kalamu mbili mfukoni, kuangalia jinsi pikipiki inavyotunzwa. Neno lake lilikuwa fupi: ikiwa haifanyi kazi, ataipakia sasa hivi aipeleke Magamba, ambako bwana shamba wa huko bado anatembea kwa miguu.

Pikipiki ikagoma.

Fanueli alipiga kiki mpaka shati likamganda mgongoni. Akaitwa Issa, fundi baiskeli. Issa alifungua koki, petroli ikatiririka vizuri. Akatoa plagi, akaisugua kwa msasa, akaiegemeza kwenye injini na kumwambia Fanueli apige kiki, cheche ikaruka. Akafungua kabureta, akaipuliza, akairudisha. Mashine ikakohoa mara moja, ikanyamaza.

"Petroli ipo, moto upo," Issa alisema. "Kilichobaki ni pumzi. Mashine ni kama ng'ombe, Bwana Shamba. Inavuta hewa huku mbele, inaitoa kule nyuma." Akaanza kukung'uta chujio la hewa.

Efrazia alikuwa amesimama na birika la chai ya mgeni. Aliposikia kule nyuma, macho yalimwenda kwenye bomba la moshi.

Huku milimani kitu chenye mdomo hakilazwi wazi. Chupa ya mafuta ya taa, kibuyu cha maziwa, kibuyu cha mbegu, vyote huzibwa kwa gunzi ili ukungu usiingie wala mende wasizaliane humo. Jana jioni Fanueli alikuwa amekula bila raha, akiutazama ukungu ulivyokuwa ukiingia jikoni ilikolazwa pikipiki. Alisema unyevu ukipenya ndani ya mashine, kesho ataaibika mbele ya mgeni. Alipokwenda kuoga, Efrazia aliinama, akaliona bomba la moshi limeachama. Akavunja kipande cha gunzi, akakisukuma mpaka ndani, akaenda kulala akiwa ameridhika na kazi yake.

Sasa aseme nini? Akinyamaza, mashine inaondoka na mumewe anarudi kuchechemea. Akisema, nani atamwamini? Yeye aliyeiita mke mwenza mbele ya kijiji, leo adai aliiziba kwa wema? Hata Fanueli mwenyewe, na hapo ndipo palipomuuma, hata Fanueli angeweza kudhani kwamba ule utani haukuwa utani.

Dereva alikwisha kufungua mlango wa nyuma wa Land Rover. Efrazia akaliweka birika chini, akachukua kisu cha jikoni, akapiga magoti nyuma ya pikipiki. Akachokonoa, akavuta. Gunzi likatoka, limezungushiwa kitambaa kilichojaa masizi.

"Yesu wangu!" mwanamke mmoja akapiga yowe. "Kamnyonga Mke Mwenza!"

Watu wakaangua kicheko. Mgeni hakucheka. "Hii ni mali ya umma," alisema. "Kuiharibu makusudi ni hujuma. Nani ameziba?"

Efrazia alifungua kinywa. Ule ulimi ambao haujawahi kumwangusha ukakauka.

Fanueli alilichukua gunzi mkononi mwa mkewe, akakivua kile kitambaa taratibu na kukitia mfukoni. "Ni mimi, Ndugu. Niliziba jana jioni, ukungu usiingie. Asubuhi nikasahau."

"Wewe? Uliyepita chuo cha kilimo?"

"Ndiyo, Ndugu. Kwetu kila kitu kinazibwa."

Kicheko kikavuma mpaka ng'ambo ya bonde, na mgeni naye tabasamu likamponyoka. Issa akainama kukaza nati ambayo alikwisha kuikaza. Kwa kiki moja tu mashine ikanguruma, ikawafukizia wote moshi, na Land Rover ikarudi Lushoto bila mzigo.

Walipobaki wawili jikoni, Efrazia alilia. "Umejiaibisha kwa ajili yangu, na hata hukuniuliza."

"Nikuulize nini?" Fanueli alikitoa kitambaa. Kilikuwa kipande cha kanga ya mkewe. "Umelivisha gunzi nguo ili lisikwaruze bomba. Mtu anayetaka kuua hafanyi hivyo, Mama Yudith."

Kuanzia siku ile aliitwa Bwana Gunzi, sokoni Mlalo na mashambani kote, naye aliitika "naam" kama jina la ubatizo. Efrazia alivumilia mpaka Jumapili ya mavuno. Baada ya ibada, sadaka zikipigwa mnada nje ya kanisa, mnadishaji aliinua kikapu cha mahindi akasema: "Haya, Bwana Gunzi, nunua, uzibe na Land Rover!"

"Basi!" Efrazia alisimama, machozi yanamlenga. "Aliyeziba ni mimi. Mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

Bibi mmoja mzee akajikongoja hadi kwake, akamshika mikono yote miwili.

"Mungu akubariki, mwanangu. Mke wa kumfichia mumewe aibu namna hii, siku hizi yuko wapi?"

"Bibi, ni kweli! Ni mimi!"

"Ndiyo, mama, ndiyo," wakamwitikia wote kwa upole, na wengine wakawa wanajifuta macho.

Efrazia akamgeukia mumewe amwokoe. Fanueli alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanamtikisika.

"Baba Yudith, waambie!"

"Niwaambie nini?" alinong'ona, hawezi hata kuvuta pumzi kwa kicheko. "Mimi nimevumilia jina. Nawe vumilia sifa."