Mgonjwa Asiyesumbua

Gari la kumhamisha mzee Arvid Lindgren lilipangwa kufika saa tano asubuhi. Saa nne na dakika kumi Janelle Maki aliinama kitandani kwake, akamwomba ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma.

"Jumapili," mzee alisema. "Jumamosi..." Macho yakamwelea darini, mdomo ukabaki wazi.

Janelle alikuwa muuguzi wa wodi hii ya mifupa kwa miaka kumi na sita, na wikendi bado alivaa sare yake kwa zamu ya jioni. Lakini siku za kazi alikuwa mwanafunzi wa uzamili, akisomea kuwa muuguzi bingwa wa wazee, yule anayeitwa wenzake wanaposhindwa kumwelewa mgonjwa. Mkufunzi wake, Lorraine Tuttle, alisimama mlangoni amekunja mikono.

"Unaona nini?"

"Ametulia mno."

"Wodi nzima inamsifu. Hasumbui mtu."

"Hicho ndicho kinachonitisha."

Kristine, binti wa mzee, alikuwa kitini na fomu za nyumba ya wazee wenye usahaulifu mapajani. "Daktari alishasema ni uzee," alisema kwa uchovu. "Mnamsumbulia nini tena?"

"Kabla hajaanguka na kuvunjika nyonga alikuwaje?" Janelle aliuliza.

"Alhamisi iliyopita alinifunga karata mara tatu, na kicheko juu yake."

Leo ilikuwa Jumatatu. Usahaulifu wa uzee hauli akili ya mtu kwa siku nne. Kitu kingine kilikuwa kimemvuruga mzee huyu tangu apasuliwe nyonga.

Walipotoka nje Lorraine akasema, "Basi mwambie daktari. Wewe, siyo mimi."

"Na nikikosea?"

"Utakuwa umezuia gari bure mbele ya wodi nzima, na mimi nitaandika nilichokiona."

Janelle alifungua orodha ya dawa, akashuka nayo mstari kwa mstari. Kidonge cha usingizi, kile cha jamii ya dawa za mzio. Kwa kijana si neno. Kwa mzee wa miaka themanini na nne kinavuruga akili na kufunga mkojo. Alikuwa amekisoma darasani muhula uliopita, akajibu swali lake kwenye mtihani na kupata alama zote.

Akatazama nani alikitoa. Jumamosi: J.M. Jumapili: J.M.

Alikumbuka vizuri: mzee alilalamika hapati usingizi, kengele zinalia vyumba vitatu, kidonge kipo kwenye maagizo ya kila anayepasuliwa. Alikitoa kama alivyokitoa miaka yote.

Alichukua kipimo cha kibofu, akakipitisha chini ya kitovu cha mzee. Namba zikapanda hadi mililita mia tisa. Akampigia daktari.

Daktari Pruitt alifika saa tano kasoro dakika tano, bado na kofia ya chumba cha upasuaji. Nyuma yake alikuwa Dede, muuguzi wa zamu, amevimba kwa hasira.

"Yaani Janelle," Dede alisema, "umekaa darasani mwaka mmoja, sisi wote tumeshakuwa vipofu?"

"Gari liko chini," daktari alisema. "Nipe sababu, haraka."

"Hana usahaulifu wa uzee. Akili imevurugika ghafla, na kibofu kimejaa hadi pomoni. Ni kile kidonge cha usingizi. Tumtoe mkojo, tukisimamishe, tumpime damu, asiondoke leo."

Daktari alitazama namba za kipimo, akakubali kwa kichwa. Kristine ndiye aliyesimama, fomu zikamwagika sakafuni.

"Nani alimpa hicho kidonge?"

Lorraine alijua, alikuwa ameisoma orodha akichungulia juu ya bega la Janelle. Alimwachia aseme mwenyewe.

"Mimi," Janelle alisema. "Usiku wa Jumamosi na wa Jumapili. Na nilikuwa nimeshafundishwa hatari yake."

Kristine alimgeukia. "Nilikuwa na kalamu mkononi," alisema. "Nilikuwa natia saini baba yangu akafungiwe."

Gari lilirudi tupu. Mzee alitolewa mkojo, akavalishwa miwani na vifaa vyake vya kusaidia kusikia vilivyokuwa vimelala kwenye droo tangu Ijumaa. Janelle aliandika taarifa ya kosa kwa mkono wake mwenyewe. Dede aliisoma, akamwambia kwa sauti ya chini, "Ningekuwa mimi kwenye zamu ile, ningekitoa vilevile."

Jumatano mzee alitaja siku zote saba kinyumenyume, kisha akauliza nani mpumbavu aliyepika ile kahawa. Kristine alicheka hadi akalia. Alimshukuru Lorraine, akamshukuru daktari, akaomba Janelle asiingie tena chumbani mle.

"Ana haki," Janelle alisema.

"Anayo," Lorraine alijibu, akitia saini fomu ya saa za mafunzo za Janelle. "Sasa kile kidonge kiko kwenye maagizo ya kila mzee anayepasuliwa hapa. Kamati ya dawa inakaa Ijumaa; waombe wakiondoe. Watakubana kweli. Nenda ukiwa umejiandaa."

Janelle alivuta kiti mbele ya kompyuta, akaanza kutafuta majina ya wazee wote waliopewa kidonge hicho tangu mwaka uanze. La kwanza lilikuwa na J.M. pembeni. La pili pia.