Moyo Aweke Mwenyewe

Wanaume wa ukoo wa Hu walipovuta pazia jekundu, umati ulishangilia. Mimi nilikodoa macho. Juu ya mlango wa ukumbi wao wa mababu kulikuwa na ubao mpya, maneno mawili ya dhahabu: Kumbuka Fadhila. Katika maandishi yetu ya Kichina maneno yote mawili hukalia alama ya moyo, na mioyo ile ilikuwa yangu.

Mtu hakosi kuutambua mwandiko wake. Baba alinifundisha kuandika moyo mwaka mzima: mkunjo ulale kama bakuli, kitone cha kati kiruke kimwelekee mwenzake wa kulia. Hapa Huizhou hakuna mwingine aliyeandika hivyo.

Lakini muhuri wa mwandishi pale pembeni ulikuwa wa mume wangu, Shouheng. Ndiye aliyeyapeleka maandishi yangu ya ubao huo kwa wazee wa ukoo, akarudi kichwa chini. "Wameyakataa, Peizhi. Wanasema mkono wa kike hauna nguvu." Nililia, naye akanipikia uji wa mchele, akanifuta machozi. Uji ule ndio ulioniuma zaidi. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

"Haya, bwana mwandishi!" Mzee Hu alipaza sauti. Kwetu ubao ukifunuliwa, aliyeuandika huandika tena neno moja mbele ya watu, ukoo upate baraka. "Tupe Fadhila!"

Shouheng alijishika kifundo cha mkono. "Mkono umeteguka, mzee. Mke wangu ataniandikia. Nimemfundisha mwenyewe."

"Una bahati, dada!" mwanamke mmoja akanitania. "Wangu hata kufagia hajanifundisha!"

Watu wakacheka. Shouheng akaniinamia sikioni. "Nisitiri, mke wangu. Tutazungumza nyumbani."

Nikachovya brashi. Niliandika sehemu ya juu ya neno, taratibu, nikafika pale moyo unapokaa. Nikaiweka brashi chini.

"Mbona umeacha?" akauliza Mzee Hu.

"Moyo aweke mwenyewe, mzee. Ni vitone vitatu na mkunjo mmoja tu, hata mkono ulioteguka unaviweza."

Shouheng hakuwa na pa kukimbilia. Aliandika huku jasho likimdondoka, na vitone vyake vikaanguka kama mtama uliomwagika. Mzee Hu alitazama karatasi, akainua macho kwenye ubao, akairudia karatasi. Akaichukua brashi, akaniletea mimi kwa mikono miwili.

Niliipokea. Sikuichovya mara moja, kwa kuwa yule aliyenipikia uji alikuwa bado amesimama kando yangu.