Kabureta Mbili za Methusela

Injini ilikuwa imezimika, lakini Nduwayo alikuwa bado ameinama juu yake, ncha ya bomba la mpira ikiwa sikioni, macho ameyafumba, akisikiliza.

Nilisimama na sinia langu la vitumbua nikamtazama. Barabarani malori ya chakula cha wakimbizi yalikuwa yakipita kuelekea Ngara, moja nyuma ya jingine, na ardhi ya Nyakanazi ilitetemeka mpaka vikombe vyangu vya uji vikagongana. Mtetemo ule ndio aliodhani ni injini. Malori yalipokwisha kupita alifumbua macho, akalitazama bomba la moshi, akaona halitoi kitu. Kisha akaniona mimi.

Mambo mengi yalinijia kwa mkupuo. Mwanangu Iteka alikuwa anaota meno, na asubuhi nzima alikuwa amelia mgongoni mwangu. Mafundi wote wa gereji walikuwa wamenikunjia uso, isipokuwa Nduwayo. Ndivyo ilivyokuwa kila mtoto alipolia, na miezi mitano nilikuwa nikimshukuru moyoni kwa uvumilivu huo. Tena kile Kiswahili chake: mwenye gereji humwita mara tatu asiitike, wenzake wakacheka, "Mrundi huyu, Kiswahili kinampiga chenga." Naye hutabasamu tu. Hata mimi niliamini. Tulizoea kuongea uso kwa uso, yeye kwa Kirundi chake, mimi kwa Kihangaza changu, lugha zilizonyonya ziwa moja, na sikuwahi kujiuliza kwa nini macho yake hayabanduki midomoni mwangu.

Nilisogea mpaka mbele yake. "Mzee, injini imezimika."

"Tangu lini?"

"Tangu malori yaanze kupita."

Akakaa juu ya tairi, akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Bomu la mkono liliangukia uani kwetu," alisema. "Sikio la kushoto lilikufa palepale. La kulia linakufa polepole. Usimwambie Bonaventura."

Bonaventura, mwenye gereji, ndiye aliyemdhamini kwa barua atoke kambi ya Lukole aje kufanya kazi. Hakuwa mtu mbaya, ila alikwisha kudanganywa na wengi waliojiita mafundi, na sasa alikuwa amemwekea Nduwayo mtihani. Mtihani wenyewe ulikuwa Datsun ndogo ya kubebea mizigo, gari lililonizidi umri, mali ya Methusela. Huyu alikuwa Msukuma aliyehamia Nyabusozi na ng'ombe wake, na sasa alikuwa akipeleka mchele Ngara. Kila alipofika kwenye mlima wa kupandia mjini, gari lilimshinda, akashusha nusu ya magunia kando ya njia. Basi akanunua Mwanza kabureta mbili pacha, zilizong'olewa kwenye gari la mashindano, akazileta zimefukiwa ndani ya gunia la mchele.

"Ng'ombe ana chuchu nne," alituambia siku hiyo, "gari langu linanyonya moja. Nguvu litazitoa wapi?"

Aliyejua kuzifunga alikuwa Nduwayo peke yake. Bonaventura alimwambia mbele yetu sote, kwa sauti na kwa ishara za mikono: "Likipanda na mzigo, unabaki. Lisipopanda, Jumatatu unarudi kambini."

Kuzifunga kulikuwa kumekwisha. Kilichobaki kilikuwa kuzilinganisha. Kabureta mbili ni lazima zivute hewa sawasawa. Moja ikiizidi nyingine, injini inakuwa dhaifu kuliko ilipokuwa na moja. Chombo cha kupimia hatukuwa nacho. Fundi huweka ncha moja ya mpira kwenye mdomo wa kabureta na nyingine sikioni, akasikiliza huku, akasikiliza kule, akizungusha skrubu kidogo kidogo mpaka sauti zifanane.

"Kambini nahesabiwa kwa kadi ya chakula," Nduwayo alisema. "Hapa naitwa fundi."

Nikaweka sinia chini. "Nifundishe kinachosikilizwa."

"Ni kazi ya miaka, Mama Iteka."

"Mimi husikia pumzi ya mtoto ikibadilika kabla hajaamka. Nipe huo mpira."

Alisita. Nilidhani atakataa, maana alikuwa mtu wa kujiheshimu, asiyependa hata kushikiwa spana. Mwishowe aliwasha injini akanipa. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayefyonza uji wa moto ukingoni mwa kikombe. Ya mbele ilifyonza kwa pupa, ya nyuma kwa woga. Nilimwonyesha kwa vidole: punguza hapa, ongeza pale. Vidole vyake vilifuata vyangu. Iteka alilala. Zilipofyonza sawasawa nilijikuta natabasamu peke yangu, nikaviangalia vidole vyangu vyenye unga kama vya mtu mwingine.

Jumamosi tuliondoka. Methusela alikuwa kwenye usukani, Bonaventura kando yake. Mimi nilisema nakwenda kumsalimia mama yangu kijijini Murukulazo, nikapanda nyuma juu ya magunia pamoja na Nduwayo, mtoto mapajani. Gari lilikwenda vizuri mpaka nusu ya mlima. Hapo likakohoa, likatetemeka, likasimama likinguruma bila nguvu.

Methusela alishuka haraka kuweka mawe nyuma ya magurudumu. Bonaventura akafungua boneti. "Skrubu zimelegea kwa mashimo ya barabarani," alisema. "Haya, fundi. Sikiliza."

Nduwayo alichukua mpira. Akauweka sikioni, akafumba macho, akazungusha skrubu ya mbele. Injini ikazidi kukohoa. Akazungusha tena, kule kule kubaya. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na ulimi ulinikereketa, lakini alikuwa ameniomba nisimwambie Bonaventura. Nilifikiri: nikisema, nimemvua nguo mbele ya watu, nisiposema, Jumatatu anarudi foleni ya kadi. Sikujua huruma ni ipi kati ya hizo mbili.

Yeye ndiye aliyeamua. Alifumbua macho, akautoa mpira sikioni mwake, akaunyoosha kwangu.

"Mpira unampa mama wa vitumbua?" Bonaventura akauliza.

Nduwayo alikuwa akimtazama midomo. Akajibu kwa Kiswahili ambacho hatukuwahi kukisikia kwake, kilichonyooka, kitamu, kama cha mtu aliyekulia ndani yake. "Bosi, mimi nimezaliwa Buyenzi, pale Bujumbura. Kiswahili nimekisema kabla ya Kirundi. Si kwamba sikuelewi. Sikusikii. Nimeona heri mniite mshamba kuliko kuniita kiziwi, maana fundi kiziwi nani atampa injini? Gari hili limepandishwa hadi hapa na sikio la huyu na mikono yangu."

Methusela aliguna kwa Kisukuma, akaweka jiwe chini. Bonaventura akasogea kando ya boneti. Nikampa Methusela mtoto, nikainama juu ya injini. Nikauweka mpira sikioni. Nilinyoosha kidole kimoja, kisha viwili. Nduwayo alizungusha, akangoja, akazungusha, akakaza. Mlio ukatulia.

Tulipanda. Magunia yote yalikuwa garini, nasi sote, na gari halikuomba msamaha hata kwenye kona ya mwisho. Kileleni Methusela alisimama, akaacha injini ikiunguruma, akacheka peke yake kama aliyetoka kuozesha binti. Mbele yetu vilima vya Burundi vilikuwa vya samawati, karibu kiasi cha kuonekana moshi wa majiko. Nduwayo aliniomba nisikilize tena, kwa sababu hewa ya juu si ya chini. Nikaweka mpira sikioni, sikio la pili nikaliziba kwa kidole. Yeye akasimama ukingoni mwa barabara, ameelekea kwao, ametugeuzia mgongo.

Bonaventura alimwendea kwa nyuma. Nilimwona akifungua kinywa, kisha akakifunga. Akamzunguka mpaka akasimama mbele yake, miguu kwenye majani ya bonde, akavua kofia iliyomtia kivuli usoni.

Kabureta zilikuwa zikifyonza sawasawa, na sikusikia alichosema. Niliona tu midomo yake ikienda taratibu, neno moja baada ya jingine, na Nduwayo akiisoma, bila kuharakishwa na mtu.