Ngazi Thelathini na Sita

Siku ya sita ya barafu Edna Hoyle alikuwa bado yumo ndani, na wema wa watu ulikuwa karibu kumtia wazimu.

Kila asubuhi saa nne simu ya halmashauri ililia. Upande wa pili alikuwa mwanamke mwenye sauti laini, anayesoma maswali yake kwenye karatasi. Nyumba ina joto? Ina. Umekula? Nimekula. Unaweza kutoka nje? Siwezi.

"Vizuri sana, Bi Hoyle. Basi usitoke."

Saa sita na nusu ilikuja supu. Aliyeileta ni Shazia, mmoja wa wale wanaojitolea, aliyepanda ngazi kwa viatu vyenye meno ya chuma na kuiacha mlangoni pamoja na salamu. Zilishakuja pia blanketi tatu, tochi, soksi za sufu, na kijitabu chenye picha ya bibi anayetabasamu kando ya hita. Kila mtu alimpa kitu cha kukaa nacho ndani. Hakuna aliyempa njia ya kutokea.

Na Edna alitaka kutoka. Mumewe, Wilfred, alikuwa kwenye makao ya wazee kule chini karibu na mfereji. Akili ilikuwa imemtoka mwaka wa pili huu, na hakumjua tena mtu kwa jina, hata Edna. Lakini kila siku saa saba mchana, Edna akikaa mbele yake, alikula. Edna asipokuwepo, alifumba mdomo kama mlango wa benki siku ya Jumapili, na wauguzi wakabembeleza mpaka wakachoka. Asubuhi hiyo muuguzi alikuwa amepiga simu. Wilfred alikuwa anakunywa maji tu, na kidogo. Asipokula leo, daktari angempeleka hospitali kesho. Edna aliwajua wazee waliopelekwa hospitali mwezi wa Januari. Aliwazika wanne.

Alifungua dirisha. Baridi ikaingia bila hodi. Jirani yake, Norman Crabtree, alikuwa nje na beleshi lake, akimalizia kijia chake. Alikuwa amekifagia mpaka kwenye ua, kisha akakoma hapohapo, theluji ikabaki imesimama wima kana kwamba imekatwa kwa rula. Nje ya ua zilianza ngazi za mtaa, thelathini na sita, zimeganda zote. Magari ya halmashauri ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu yaliishia barabara kuu. Juu ya ngazi walikuwa wamewekewa sanduku la njano lililojaa chumvi na mchanga, na mtaa mzima ulilitazama kama kaburi la mgeni.

"Norman, nimwagie chumvi kwenye hizo ngazi. Nishuke mara moja tu."

"Bi Edna, tumeshaongea hilo."

"Tuongee tena."

Norman akaegemea beleshi. "Theluji ikianguka, ni ya Mungu. Ukiteleza, kamshitaki Mungu. Nikiigusa mimi, imekuwa theluji ya Norman. Ukivunjika nyonga, wakili anabisha kwangu."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua."

Kweli, kila mtu mtaani alijua, ingawa hakuna aliyewahi kumwona huyo wakili. Edna akaenda kutafuta kalamu. Aliandika: *Mimi Edna Hoyle, nikivunjika mguu, nyonga au shingo, sitamdai Norman Crabtree hata peni moja.* Akatia sahihi na tarehe, akampitishia dirishani. Norman alivaa miwani akaisoma mara mbili.

"Haina shahidi."

"Shahidi nimtoe wapi, nami nimefungiwa humu?"

"Ndiyo shida yenyewe," Norman akasema kwa huruma ya kweli, akamrudishia karatasi.

Edna alifunga dirisha. Alivaa koti, akavaa soksi za halmashauri zote jozi mbili, akachukua mto wa kwenye kochi, akatoka. Kwenye ngazi ya kwanza aliweka mto, akakaa juu yake, na kwa miaka yake sabini na minane na nyonga moja ya bandia akaanza kuteremka kwa makalio.

Mapazia yalianza kufunguka. Dirisha moja likafunguliwa, Bi Pickles akatoa kichwa.

"Edna, rudi ndani, utapata homa."

"Nimechoka na ndani."

"Tukupigie simu halmashauri?"

"Wapigie. Waambie nimekula na nyumba ina joto."

Alipofika ngazi ya kumi na moja mto ulikuwa umelowa na sketi pia, na machozi yalimtoka, ya baridi na ya aibu. Akasikia chuma kikikwaruza. Norman alimpita pembeni ameshika ukuta, akaanza kuvunja barafu mbele yake, akimwaga chumvi kutoka kwenye ndoo. Hakumtazama.

"Sikufagilii wewe. Nafagia njia yangu ya kwenda kazini."

"Umestaafu miaka kumi, Norman."

"Nyamaza, teremka."

Shazia alikuwa chini, ndiyo kwanza anatoa supu kwenye gari. Aliiona sketi, akamwona Norman anavyohema.

"Anti Edna, haya ni mambo gani? Mimi siruhusiwi kubeba abiria, bima hairuhusu. Natakiwa nikurudishe juu."

"Wilfred hali chakula. Wanampeleka hospitali kesho."

Shazia akazitazama ngazi, kisha akafungua mlango wa gari. "Ingia. Wakiuliza, wewe ni supu."

Mlango wa makao ulikuwa umefungwa, una tangazo: ugonjwa wa kutapika umeingia, hakuna wageni mpaka Jumatatu. Edna alibonyeza kengele. Muuguzi alimjibu kwa kile kipaza sauti cha ukutani kwamba anasikitika, ni amri, hata mchungaji wa kanisa wamemrudisha. Edna hakugombana. Hakuwa na nguvu iliyobaki ya kugombana na mlango mwingine.

"Basi mlete dirishani," alisema. "Na chakula chake."

Akazunguka jengo, theluji ikimfika kwenye mashavu ya miguu. Wilfred aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, amepungua, kola ya shati imempwaya. Muuguzi akainua kijiko. Wilfred akafumba mdomo, akageuza uso upande wa kioo.

Edna akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Akafungua mdomo wazi kabisa, kama anayelisha mtoto, akaufunga, akatafuna hewa ile ya baridi na kuimeza. Wilfred alimtazama huyu mwanamke mgeni. Mdomo wake ukafunguka. Kijiko kikaingia.

Nyuma yake Shazia alimwita aje kwenye gari, miguu itakufa ganzi. Ilishakufa. Ndani, muuguzi aliinua bakuli kumwonyesha chakula kilichobaki, zaidi ya nusu, na Edna akafungua mdomo tena.